Je, Jeraha la Kale Litajwe?

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, bali wanadamu hukutana. Msemo huu hutolewa wakati wa kuagana, nao huwafuta watu machozi. Lakini wahenga hawakutuambia wanadamu hao waambiane nini siku watakapokutana, hasa ikiwa siku ya kuachana palikuwa na neno baya lililosemwa mezani, na tangu siku ile miaka ikapita bila barua. Je, neno hilo litajwe, au lifukiwe? Alitajaye huonekana anafufua ugomvi uliokwisha kufa. Anyamazaye hula chakula cha mwenzake na huku moyoni anacho kitu. Swali hili si la wasafiri peke yao. Limo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, baina ya ndugu na ndugu, baina ya wakwe, baina ya majirani waliogombania mpaka wa shamba na ambao sasa husalimiana kanisani kwa kutikisa kichwa tu.

Sisi tulilazimika kulifikiri muda wa majuma matatu, mwezi wa Oktoba mwaka 2024, tulipojaliwa kurudi Ujerumani kuiona tena miji tuliyoipenda katika ujana wetu, na kuwaamkia rafiki zetu tuliowapata huko tulipokuwa wanafunzi, tangu mwaka 1986 hata 1988.

Tulianzia Köln, mji wa kale ulio kando ya mto Rhein. Msafiri akitoka tu katika kituo cha treni hukutana ana kwa ana na Kanisa Kuu, lenye minara miwili inayofikia mita 157, na hata mtu aliyeliona mara mia husimama. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248. Katika karne ya 16 kazi ilikoma, fedha zikawa hazipatikani tena na mioyo imepoa, na juu ya mnara wa kusini, uliokuwa haujafika hata nusu, mafundi wakauacha mtambo wao wa mbao wa kuinulia mawe. Mtambo ule ulikaa pale juu miaka ipatayo 300. Watoto walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa, wakiuona kila siku, hata ukawa kama alama ya mji. Ndipo katika karne ya 19 ilipopatikana michoro ya kale ya sehemu ya mbele, nusu yake Darmstadt mwaka 1814 na nusu nyingine Paris mwaka 1816, na mwaka 1842 kazi ikaanzwa upya kuifuata michoro hiyo. Kanisa likamalizika mwaka 1880. Tuliukumbuka mtambo ule mara nyingi safarini, kwa maana sisi nasi tulikuwa na kazi tuliyoiacha nusu.

Lakini kitu tulichokwenda kukitafuta Köln kilikuwa kingine, nacho hatukukiona. Mwezi wa Novemba mwaka 1943, katika vita kuu ya pili, bomu liliubomoa vibaya mguu wa mnara wa kaskazini, na watu wakahofu kwamba mnara mzima utaanguka. Mafundi wakaliziba pengo lile kwa haraka, si kwa mawe ya kuchonga, kwani hayakuwapo, bali kwa maelfu ya matofali. Wenyeji wakakiita kiraka hicho kwa jina la kile kizibo ambacho madaktari wa meno hukitia katika jino lililotoboka. Zama zetu kiraka kilikuwa bado wazi, chekundu katika ukuta mweusi, nasi tulizoea kuagana na wenzetu papo hapo chini yake. Sasa hakipo. Kimefunikwa kwa mawe yaliyochongwa kama ya zamani, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 2005. Tuliuzunguka mnara mara mbili tukikitafuta, na kisha, tusicheke, tukajikuta tunalililia tofali!

Mama mmoja aliyetulea kama mwanawe katika miaka ile, ambaye sasa amepita miaka 80, alitukaribisha kwake saa kumi jioni kwa kahawa na keki, kama desturi ya huko. Tukamweleza huzuni yetu. Kumbe tumechokoza moto. Mama huyo alikuwa miongoni mwa wale waliotaka matofali yaachwe yaonekane daima, ili vijana wajue vita ni nini. Jirani yake, mzee mwashi aliyestaafu, alikuwa upande wa pili. Alisema, akiigonga meza kwa kijiko, kwamba tofali liliwekwa ili mnara usianguke, si ili watu walitazame, na ya kuwa kidonda hakifungwi maisha kwa kitambaa kilekile cha siku ya kwanza. Miaka 20 imepita tangu kazi ile iishe na wazee hawa wawili wangali wanashindana, na kila Jumatano hunywa kahawa pamoja.

Usiku tulipojilaza tuliona aibu kidogo. Mama yule aliyapenda matofali kwa ajili ya wajukuu; sisi tuliyapenda kwa sababu yalikuwa yetu, ya ujana wetu. Hili ni kosa la kila mtu arudiye mahali pa zamani: hudai mji umngoje. Huudhika akikuta duka la mkate limekuwa benki, na humwudhikia hata rafiki kwa kuwa na mvi, kana kwamba mwenzake alipewa amana ya kumtunzia miaka yake. Mji una watu wake wanaoishi ndani yake kila siku, na rafiki naye ameishi siku zake zote ambazo sisi hatukuwapo.

Yatupasa sasa tukiri jambo lililotutia hofu katika safari hii. Tulikuwa na rafiki mwingine, mwenyeji wa Hildesheim, mji mdogo wa kaskazini, na huyo ndiye tuliyempenda kuliko wote. Baridi yetu ya kwanza alitupa koti lake mwenyewe akavaa la baba yake. Jumapili moja ya mwaka 1987 tulikuwa mezani kwao, na mazungumzo yakageukia Tanganyika ya zamani. Rafiki yetu akasema, bila nia mbaya, kwamba pamoja na makosa yao Wajerumani angalau walituachia shule, hospitali na reli.

Sisi tumezaliwa Ungoni. Bibi yetu alilelewa na watu waliookoka vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, na kwa kinywa chake tulisikia jinsi vyakula vilivyochomwa ghalani na mashambani kwa makusudi, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Wanahistoria wengine hukadiria waliokufa kuwa 250,000 hata 300,000, wengi wao kwa njaa. Wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea mwaka 1906, na hata leo hukumbukwa kila tarehe 27 Februari. Damu ilimwagika pande zote, na Kanisa nalo halisahau kwamba Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto aliuawa pamoja na wenzake mwezi wa Agosti 1905. Lakini kijana aliyekuwa mezani siku ile hakutaka kupima mizani. Tulimjibu rafiki yetu kwamba nao walilipwa. Kwamba moto waliowapelekea watu wengine uliwarudia wenyewe Machi 22, 1945, na hiyo ilikuwa haki ya Mungu.

Machi 22, 1945 ndiyo siku ndege za vita zilipouteketeza mji wa kale wa Hildesheim, mchana kweupe. Mama wa rafiki yetu alikuwa anakata keki. Aliweka kisu chini polepole, akaondoka mezani, wala hakurudi. Siku ya moto ule alikuwa binti wa miaka 12, na wadogo zake wawili walikufa humo. Wala hatuwezi kujitetea kwamba hatukujua. Alikuwa ametusimulia mwenyewe, mwezi mmoja kabla, akitushika mkono.

Baada ya siku hiyo rafiki yetu na sisi tulikuwa tukipishana kwa adabu. Tuliporudi nyumbani ilikuja kadi moja ya Noeli, kisha kimya. Kimya hicho kingeendelea mpaka kaburini, kama si jambo lililotokea Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea, akakutana na jamaa za wale walionyongwa, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Majuma machache baadaye tulipata barua iliyopitia mikononi mwa yule mama wa Köln. Ilikuwa na mistari sita. Ilisema kwamba ameiona habari ya Songea, kwamba yu hai, na kwamba nyumba yao ingali mahali pake. Habari ya meza na keki haikutajwa.

Hildesheim tuliiweka mwisho, kama mtoto awekavyo dawa chungu, na tukatangulia kwenda Lübeck, mji wa wafanyabiashara wa kale karibu na bahari ya Baltiki. Tulikuwa na jamaa wa kuamkia huko, wakatupokea vizuri, na hayo hayahitaji maneno mengi. Jambo la kusimulia limo katika kanisa la Mtakatifu Maria. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliuchoma mji. Mnara wa kusini wa kanisa hili ulishika moto, na kengele zake zikaanguka kutoka juu, zikapasuka sakafuni. Kanisa limejengwa tena, kuta zimesimama, vinanda vinalia. Lakini kengele zile hazikuondolewa. Ziko palepale zilipoangukia, vipande vizito vya shaba vilivyobonyea katika sakafu iliyovunjika, na watu huja kusimama mbele yake wakanyamaza.

Siku hiyohiyo ya Matawi, mchungaji mmoja wa Kilutheri mjini humo, Karl Friedrich Stellbrink, alihubiri, na husimuliwa kwamba aliwaambia watu ya kuwa Mungu amesema nao kwa sauti kuu katika moto ule. Siku chache baadaye watawala wa Kinazi wakamkamata. Alikatwa kichwa Hamburg tarehe 10 Novemba 1943, pamoja na mapadre watatu Wakatoliki wa Lübeck, Johannes Prassek, Hermann Lange na Eduard Müller, ambao Kanisa liliwatangaza Wenye Heri Juni 25, 2011.

Hapa tulisimama kwa muda mrefu. Je, mchungaji yule hakusema karibu neno lilelile tulilolisema sisi mezani? Naye tunamheshimu kama shahidi wa ukweli, na sisi tunaona haya. Tofauti haiko katika neno. Yeye alilisema kwa watu wake, juu ya dhambi iliyokuwa yao na yake pia, huku moshi ungali unafuka juu ya nyumba alimokaa, na alijua bei ya kulisema. Sisi tulilisema juu ya watoto wawili wa mwenzetu, tukiwa tumeshiba kwake, na halikutugharimu kitu. Nadhani watu wengi wanaojisifu kwamba husema kweli pasipo kuogopa wangefaa kuulizwa ni kweli ya nani waliyoisema, na nani aliyeilipia.

Basi tukaenda Hildesheim. Rafiki yetu alikuwa kituoni, mwembamba, mwenye mvi, na koti refu. Tulikumbatiana, tukaulizana habari za wake na watoto, za magoti na za sukari ya damu, kama wazee wafanyavyo. Mtu mwepesi wa kuhukumu angesema tulikuwa wanafiki, tukizungukazunguka kitu tusichokitaja. Sisi twasema sivyo. Salamu zile zilikuwa matofali ya Köln: huwezi kuchonga jiwe huku mnara unayumba. Hata majirani wanaotikisiana kichwa kanisani wasidharauliwe. Wanaushikilia ukuta mpaka jiwe lipatikane, ingawa ni kweli kwamba wengi wakisha kuona ukuta umesimama hawaendi tena machimboni.

Alitupeleka kwanza katika uwanja wa soko. Pale palikuwa na nyumba mashuhuri ya mbao ya chama cha wachinjaji, iliyojengwa mwaka 1529, ikaungua mwaka 1945. Mahali pake ilijengwa hoteli ya kisasa katika miaka ya 1960, na hoteli ile ndiyo iliyokuwapo tulipofika mara ya kwanza. Mwaka 1987 ilikwisha kuvunjwa, na kufikia 1989 wenyeji wakaijenga tena nyumba ya wachinjaji kama ilivyokuwa, kwa magogo ya mwaloni yaliyounganishwa kwa vigingi vya mti. Hivyo tulikuta mji umezidi kuwa wa kale kuliko tulivyouacha! Rafiki yetu alicheka tulipomwambia hivyo, na kicheko chake kilikuwa kilekile. Wako wanaosema nyumba kama ile ni uongo wa mbao. Sisi hatukubali, maana hakuna anayeficha mwaka wa kuzaliwa kwake. Aulizaye huambiwa 1989.

Kisha tukaingia katika Kanisa Kuu. Hazina yake ni milango miwili mirefu ya shaba ambayo Askofu Mtakatifu Bernward aliisubisha mwaka 1015, yenye picha 16 za Maandiko. Iliokoka kwa kuwa iliondolewa ikafichwa kabla ya mabomu. Katika picha moja Mwenyezi Mungu anamwuliza Adamu juu ya tunda. Ananyosha kidole kwake. Adamu, amejikunja kwa aibu, ananyosha kidole kwa Eva. Eva naye ameinama, na kidole chake kimemwelekea nyoka. Picha ya mwisho chini kabisa ni Kaini anamwua Abeli. Tulikuwa tumeiona mara nyingi ujanani na kuisifu kwa ufundi wake.

Rafiki yetu akaitazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba shule, hospitali na reli alizitaja yeye. Alisema alikwenda akasoma habari za njaa ya Maji Maji miaka miwili baada ya sisi kuondoka, akaona aibu, na aibu ile ndiyo iliyomnyima kalamu. Kila mwaka uliopita uliifanya barua kuwa ngumu zaidi. Tukamwambia letu. Akajibu kwamba analikumbuka. Hakusema si kitu, wala hatukumwambia lake si kitu. Nasi tunaona kwamba hapo ndipo palipokuwa na jibu la swali letu. Jeraha na litajwe, ila kwanza na yule aliyelitia. Kidole kikigeuzwa kifuani, neno lilelile ambalo lingewasha ugomvi huuzima. Na kama aliyetia jeraha hataki kusema? Hapo mambo ni magumu, nasi hatuna dawa ya haraka. Tunajua tu kwamba kuna watu wanaoishi na kengele zilizovunjika sakafuni mwao na bado husali katika kanisa hilo kila siku.

Tulimwuliza juu ya mama yake. Alifariki mwaka 2009. Tuliomba kwenda kaburini, na tukaharakishwa na jambo tusilolizoea: huko kaburi hukodishwa kwa miaka 20 au 25, na muda ukiisha bila kulipiwa mahali pale hupewa mwingine. Tulisali Rozari, yeye kwa Kijerumani, sisi kwa Kiswahili, tukikutana katika Amina. Tulimwuliza kama mama aliwahi kusema lolote juu ya Jumapili ile. Akafikiri. Akasema hakulitaja asilani, isipokuwa mwaka mmoja kabla ya kufa alimwuliza ghafula, akimenya viazi, kama yule kijana wa Afrika yu hai bado. Basi. Kama aliuliza kwa uchungu au kwa upendo, mwanawe hakujua, wala sisi hatutajua katika maisha haya. Deni letu kwake limebaki, na misamaha ya mwanawe haiwezi kulifuta. Tumemwekea Misa kila Machi 22.

Kabla ya treni tulizunguka nyuma ya Kanisa Kuu, ambako mwaridi wa kale umepanda ukutani. Watu wa huko huuita wa miaka elfu. Mwaka 1945 uliungua wote, ukafukiwa na kifusi, na majuma machache baadaye machipukizi yakatokea katika shina lililosalia chini. Huchanua mwishoni mwa Mei kwa siku chache. Oktoba ulikuwa na majani tu, nayo yameanza kunyauka. Rafiki yetu hakuutazama sana. Ameuona maisha yake yote. Alikuwa anatuuliza kama mtu kama yeye anaweza kuja Songea tarehe 27 Februari, akakaa nyuma tu, bila kusema kitu. Tukamwambia aje. Akauliza hali ya hewa. Tukamwambia huo ni mwezi wa mvua, aje na viatu vya matope.